Pappardelle kwa Uyoga wa Mwituni: Mwongozo Kamili wa Chakula cha Vijijini Toscana

Wengi waliojaribu kupika pappardelle, yaani tambi pana za mayai, kwa uyoga wa mwituni hurudi na malalamiko yale yale. Uyoga ulitoa maji ukachemka badala ya kukaangika, tambi zikagandana, mchanga ukasagika menoni, na mwishoni kikamiminwa kikombe cha krimu ili kuficha yote hayo. Krimu haimo katika chakula hiki kama kinavyopikwa majumbani kwenye vilima vya Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, na anayeihitaji huwa ameshapotea njia hatua mbili au tatu nyuma.

Mimi mwenyewe nimeshindwa kwa kila moja ya njia hizo kabla ya kuelewa kwamba makosa yote yana chanzo kimoja, nacho ni maji. Yapo maji yanayopaswa kutoka kwenye uyoga, yapo yanayopaswa kubaki ndani ya donge la unga, yapo ya kulowekea uyoga mkavu ambayo lazima yachujwe, na yapo ya kuchemshia tambi, ambayo watu huyamwaga ilhali ndiyo yanayotengeneza mchuzi. Hatua zifuatazo zinayafuata maji hayo mwanzo hadi mwisho. Vipimo ni vya watu 4 wanaokula chakula hiki kama mlo kamili, si kama sahani ya kwanza inayotangulia nyama, kama ilivyo desturi ya Waitaliano.

Vitu vya kuandaa

Kwa tambi:

- Unga mweupe wa ngano uliosagwa laini, gramu 400, pamoja na kiasi cha kunyunyizia. Waitaliano hutumia unga ulioandikwa 00. Usitumie ule uliokwisha kuchanganywa na kiumulishi kiwandani.
- Mayai yenye jumla ya gramu 220 bila maganda. Hayo ni mayai 4 makubwa.

Kwa uyoga:

- Uyoga mbichi, gramu 600.
- Porcini mkavu, uyoga wa mwituni nitakaoueleza hapa chini, gramu 25.
- Mafuta ya zeituni, vijiko 5 vya mezani.
- Siagi isiyo na chumvi, gramu 30.
- Punje 3 za kitunguu saumu.
- Konzi moja ya majani ya pasili, ile inayofanana na giligilani lakini isiyo na harufu yake kali.
- Kijitawi cha nepitella, au majani 5 ya nanaa pamoja na chembe kidogo za oregano.
- Jibini ya Parmigiano Reggiano, gramu 50, ya kukunwa papo hapo.
- Chumvi na pilipili manga.

Vifaa ni mizani ya jikoni, kibao kipana cha mbao au meza safi, mti wa kusukumia chapati (ukiwa mrefu ni bora zaidi), kisu kikali, kikaango kipana cha sentimita 30, sufuria ya lita 7, na kitambaa safi cha pamba cha kuchujia.

Vitu vitatu katika orodha hii vinahitaji maelezo kabla hujaenda sokoni.

Cha kwanza ni mayai. Kanuni ya Waitaliano ya yai moja kwa kila gramu 100 za unga inahusu yai lao kubwa, ambalo bila ganda lina gramu 55 hivi. Yai la kuku wa kienyeji mara nyingi ni dogo kuliko hilo, na mayai 4 ya namna hiyo yatakupa donge kavu linalopasuka. Kwa hiyo usihesabu mayai, bali weka bakuli juu ya mizani na uvunje mpaka ufike gramu 220. Hili peke yake huondoa karibu nusu ya matatizo ya donge.

Cha pili ni nepitella. Ni mmea mdogo wa jamii ya mnanaa unaoota kando ya njia na kwenye kuta za mawe huko Toscana, na harufu yake iko katikati ya nanaa na oregano. Huko wengi huutia wanapopika porcini. Ukiukosa, mchanganyiko nilioutaja unakaribia, mradi nanaa iwe kidogo sana, kwa kuwa ikizidi chakula kitanukia chai.

Cha tatu ni jibini. Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama, na msomaji anayezingatia chakula halali, au asiyekula chochote cha mnyama aliyechinjwa, anapaswa kulijua hilo mapema. Zipo jibini ngumu zilizogandishwa kwa vimeng'enya visivyotokana na mnyama, na kwa kiasi cha gramu 50 hazitaharibu chochote.

Uyoga gani, na onyo kuhusu kuokota

Porcini ni jina la pamoja la aina nne za uyoga wa jenasi ya Boletus, unaoota chini ya mialoni, misonobari na miti mingine katika milima ya Apennino, zaidi baada ya mvua za mwisho wa kiangazi na za vuli. Kofia yake ni ya kahawia, shina lake nene, na chini ya kofia hakuna vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, bali kuna tabaka laini lenye vitundu kama sifongo. Uyoga mwingine unaoingia vizuri katika chakula hiki ni galletti, wa manjano na wenye harufu ya tunda. Chiodini nao huliwa sana, lakini una sumu ukiwa mbichi, hivyo lazima uchemshwe kwanza dakika 15 au zaidi na maji yake yamwagwe kabla haujafika kikaangoni.

Aliye Nairobi, Dar es Salaam au Kampala atapata porcini mkavu kwenye maduka yanayouza vyakula vya Ulaya, na wa Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wameishi kwa miaka mingi, hatahangaika. Kwa sehemu ya uyoga mbichi, uyoga mamama unaolimwa kwenye mifuko ya mabua hufanya kazi nzuri, hata kuliko uyoga vifungo, kwa sababu una nyuzi na haulegei haraka. Misitu ya miombo nayo hutoa uyoga wa manjano wa jamii moja na galletti, ambao huuzwa barabarani msimu wa mvua, na ukiupata kwa muuzaji anayeujua tangu utotoni, huo ni wa mwituni kwa maana halisi.

Sasa onyo. Usile uyoga wa mwituni uliookota mwenyewe kwa kulinganisha na picha. Amanita phalloides, uyoga unaosababisha vifo vingi zaidi vya sumu ya uyoga Ulaya, ni wa kijani kibichi kilichofifia, unapendeza macho, na waliopona husema ladha yake haikuwa mbaya. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha. Dalili huchelewa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa hutapika na kuharisha, hupata nafuu ya uongo, na wakati huo ini linaharibika. Majaribio ya kienyeji, kama vile kutumbukiza kijiko cha fedha, kuangalia kama kitunguu saumu kimebadilika rangi, au kuona kwamba konokono ameula, hayana ukweli wowote. Italia ina wakaguzi wa uyoga katika huduma za afya za umma, na mwokotaji hupeleka kapu lake zima likaguliwe kabla ya kupika. Pasipo na mkaguzi wa namna hiyo, nunua kwa anayejulikana au tumia uyoga wa kulimwa.

Hatua ya 1: Kanda donge

Mwaga unga mezani, ufanyie shimo katikati, na umimine mayai ndani. Yapige kwa uma huku ukivuta unga kidogo kidogo kutoka kuta za ndani mpaka yawe uji mzito, kisha ingiza mikono. Usitie chumvi wala mafuta ndani ya donge. Chumvi itatoka kwenye maji ya kuchemshia, na mafuta hulifanya donge liteleze chini ya mti badala ya kutanuka.

Kanda kwa kiganja dakika 10 kamili, ukisukuma mbele, ukikunja na kugeuza. Mkono uliozoea chapati utaona donge hili ni gumu mno, na hapo ndipo kosa la kwanza huanza, kwani mpishi huongeza maji. Usiongeze. Donge la chapati hulainishwa kwa maji ya vuguvugu ili lipumue kwenye kikaango, lakini hili linapaswa kuwa gumu kwa sababu litakwenda kuchemka majini, na donge laini likifika huko hutepeta na kutoa uji. Dakika nne za mwanzo litakuwa na mikwaruzo na kupasuka pembeni. Dakika ya saba hivi litaanza kutii.

Limefaulu linapokuwa laini juu kama ngozi, halinati mkononi, na ukilibonyeza kwa kidole kishimo kinarudi polepole. Likibaki na nyufa baada ya dakika 10, lowesha viganja tu na uendelee kukanda. Likinata, nyunyiza unga mezani, si juu ya donge.

Lifunike kwa bakuli au nailoni ili hewa isiingie, na uliache dakika 45. Wakati huo unga humaliza kunywa maji ya mayai, na nyuzi zilizokazwa na mkono hulegea. Ukiruka mapumziko haya, utasukuma na donge litajikunja kurudi kama mpira.

Hatua ya 2: Loweka porcini mkavu

Weka porcini mkavu kwenye bakuli na umimine mililita 300 za maji ya moto kiasi cha kuoga, si yanayochemka, kwa kuwa maji ya kuchemka huufanya uwe na utelezi nje na kubaki mgumu ndani. Acha dakika 25.

Watu wengi hukosea wakati wa kuutoa. Ukimimina bakuli lote kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetulia chini unapanda tena na kurudi juu ya uyoga. Uinue uyoga kwa vidole, kipande kwa kipande, uukamue kidogo juu ya bakuli hilo hilo, na uukatekate. Kisha chuja maji yaliyobaki kupitia kitambaa cha pamba, ukimimina taratibu, na ukome kabla ya kijiko cha mwisho, kwa maana hapo chini ndipo mchanga ulipo. Maji hayo yana rangi ya chai ya rangi na harufu nzito ya msitu. Yaweke kando kwa uangalifu, maana ladha ya sahani nzima imo humo.

Hatua ya 3: Sukuma na ukate

Ligawe donge mara mbili na uache nusu moja imefunikwa. Sukuma nusu nyingine kutoka katikati kwenda nje, ukigeuza robo mzunguko kila mara, kama unavyosukuma chapati, ila hapa huachi mpaka unene ufike milimita moja. Kipimo changu ni kuinua karatasi ya donge mbele ya dirisha, na nikiona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili, inatosha. Usiifanye nyembamba kuliko hapo, maana pappardelle ni tambi za chakula kizito na zinatakiwa kuhisiwa chini ya meno.

Tandaza karatasi hiyo juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 8 hadi 15, ukiigeuza mara moja. Kwenye joto na unyevu wa pwani inaweza kuhitaji dakika 20, na kwenye ubaridi mkavu wa Arusha au Nairobi dakika 8 zinaweza kuwa nyingi, kwa hiyo usifuate saa bali vidole. Uso wake ukiguswa uwe mkavu, lakini ukiikunja isivunjike. Ikiwa bado mbichi, mikunjo itashikana wakati wa kukata na hutaweza kuifungua. Ikikauka kupita kiasi, itakatika vipande.

Nyunyiza unga, ikunje mara tatu au nne bila kuibana, na ukate mikanda yenye upana wa sentimita 2 hadi 3. Ifungue papo hapo kwa vidole, uitingishe, na uilaze ikiwa imelegea juu ya kitambaa chenye unga. Usirundike. Fanya vivyo hivyo kwa nusu ya pili.

Anayetumia pappardelle za mayai za dukani achukue gramu 360 na aruke hatua ya 1 na ya 3. Chakula kitakuwa kizuri, ingawa mchuzi hautashika vile vile, kwa kuwa tambi iliyosukumwa kwa mti juu ya mbao ina uso wenye mikwaruzo midogo inayobeba mafuta.

Hatua ya 4: Safisha uyoga mbichi

Usiutumbukize majini. Uyoga kwa sehemu kubwa kabisa ni maji tayari, na porcini hasa, kwa sifongo yake ya chini, hunywa mengine kama kitambaa. Nilipoupata porcini mbichi kwa mara ya kwanza niliuosha kwenye beseni kama mchicha, nikauacha humo nikishughulikia mambo mengine, na siku hiyo tulikula uji wa kijivu. Tangu hapo natumia kisu na kitambaa chenye unyevu tu: kata sehemu ya chini ya shina yenye udongo, kwangua, kisha futa kofia.

Pasua kila porcini katikati kwa urefu. Ukiona vijitundu vyembamba ndani ya shina, wadudu wameingia, na sehemu hiyo ikatwe. Sifongo ya chini ikiwa nyeupe au ya manjano, acha. Ikiwa imekuwa ya kijani iliyokolea na yenye utelezi, ibandue, kwani itageuka ute kikaangoni.

Kata vipande vya unene wa nusu sentimita. Mamama usiukate kwa kisu bali uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake. Vipande vyembamba zaidi ya hivyo husinyaa na kupotea, na mlaji wa chakula hiki anapaswa kukutana na uyoga, si kuutafuta.

Hatua ya 5: Kaanga uyoga

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, nami nitakaa hapa kidogo.

Uyoga ukipata moto, kuta zake hulegea na kuachia maji. Moto ukiwa mkali na kikaango kikiwa kipana, maji hayo hugeuka mvuke mara tu yanapotoka, na uso wa uyoga hubaki mkavu kiasi cha kupata rangi. Moto ukiwa mdogo, au uyoga ukirundikwa, maji hutoka haraka kuliko yanavyoweza kukauka, hujaa chini, na uyoga hukaa ndani ya bwawa lake mwenyewe. Ndani ya bwawa hilo joto haliwezi kupita lile la maji yanayochemka, na kwa joto hilo hakuna kitu kitakachokuwa cha kahawia hata ukingoje saa nzima.

Kwa sababu hiyo, kaanga kwa awamu mbili au tatu. Pasha kikaango kitupu dakika mbili juu ya moto mkali kiasi, tia vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, na utandaze uyoga wa awamu ya kwanza ukae safu moja, huku chini ya kikaango kukionekana kati ya vipande. Usitie chumvi, kwa maana chumvi huvuta maji nje kabla ya wakati. Usifunike. Usikoroge kwa dakika mbili au tatu za kwanza, hata mkono ukiwasha, kwa kuwa kila unapogeuza unakatiza rangi iliyoanza kushika.

Jifunze kusikiliza. Mwanzoni kikaango hupiga kelele kali ya kutatarika. Maji yanapoanza kutoka, kelele hushuka na kuwa nzito, ya mapovu, kama sufuria ya maharage inayochemka chini kwa chini. Ukiisikia hiyo, pandisha moto na usiguse kitu. Baada ya dakika moja au mbili kelele kali inarudi, na kurudi kwake ndiko kunakokuambia kwamba maji yamekwisha na uyoga sasa unakaangika. Hapo geuza. Upande wa chini uwe na rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, na harufu iliyokuwa ya udongo mbichi iwe imegeuka ya njugu. Acha upande wa pili dakika mbili, uondoe awamu hiyo kwenye sahani, na uanze nyingine kwa mafuta mapya.

Kelele kali isiporudi, umejaza kikaango kupita kiasi. Toa nusu ya uyoga, acha iliyobaki ikauke, kisha uikaange ile uliyotoa. Chakula bado kinaweza kuokolewa.

Hatua ya 6: Unganisha mchuzi

Punguza moto, rudisha uyoga wote kikaangoni, na uutie chumvi sasa. Sogeza uyoga pembeni, weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye nafasi iliyo wazi, na utie kitunguu saumu kilichopondwa kwa ubapa wa kisu bila kukatwakatwa. Kikiwa kizima kinatoa harufu tamu na unaweza kukiondoa baadaye. Kikikatwa vidogo, huungua mapema na kuleta uchungu unaofunika uyoga.

Baada ya dakika moja ongeza porcini uliolowekwa pamoja na nepitella, kaanga dakika mbili, kisha mimina yale maji uliyoyachuja. Acha yachemke mpaka yabaki vijiko 5 au 6 hivi chini ya kikaango. Wapo wanaotangulia na divai nyeupe hapa. Siyo lazima, na maji ya porcini yana ladha ya kutosha bila divai. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu maji hayo yakipungua huwa makali. Ondoa kitunguu saumu na uzime moto.

Hatua ya 7: Chemsha tambi

Chemsha lita 5 za maji, na yanapochemka tia gramu 40 za chumvi, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyojaa. Kiasi hiki huwatisha watu, lakini sehemu kubwa hubaki majini, na donge letu halina chumvi yoyote ndani. Usitie mafuta kwenye maji. Hayazuii tambi kushikana, yanaelea tu juu, na wakati wa kutoa huzipaka tambi utelezi unaokataa mchuzi.

Tingisha unga uliozidi, tia pappardelle zote kwa mara moja, na uzikoroge mara mbili polepole katika sekunde 30 za kwanza, maana ndizo zinazoamua kama zitagandana. Tambi mbichi za mkono huiva kwa dakika 2 hadi 3. Onja moja baada ya dakika moja na nusu, na uzitoe zikiwa bado na ubishi kidogo katikati, kwani zitamalizikia kikaangoni.

Usizimwage kwenye chujio la sinki. Zinyanyue kwa koleo au upawa wenye matundu moja kwa moja kwenda kikaangoni, na kabla ya hapo chota vikombe viwili vya yale maji. Yamekuwa meupe kwa wanga uliotoka kwenye tambi, na bila hayo hatua inayofuata haiwezekani.

Hatua ya 8: Geuza pamoja

Waitaliano huiita kazi hii mantecare. Washa moto wa wastani chini ya kikaango cha uyoga, weka pappardelle pamoja na nusu kikombe cha maji ya kuchemshia, na uzigeuze kwa kutingisha kikaango na kunyanyua kwa koleo kwa muda wa dakika moja. Zima moto, tia siagi, kisha jibini kidogo kidogo huku ukiendelea kugeuza. Jibini ikitiwa juu ya moto mkali hugandamana kuwa nyuzi, ndiyo maana moto uzimwe kwanza.

Kinachotokea ni kwamba wanga wa maji ya tambi hushikilia mafuta na maji visiachane, na kinachopatikana ni rojo jepesi linalong'aa. Likiwa zito na tambi zinashikana, ongeza maji vijiko viwili na ugeuze tena. Ukiona mafuta yamejitenga pembeni, dawa ni ile ile, pamoja na kutingisha kwa nguvu zaidi. Wanaokimbilia krimu hukimbilia kwa sababu waliyamwaga maji haya.

Utajua umefika ukivuta kikaango upande mmoja na tambi zikafuata kwa ulegevu, zikiacha nyuma yake utando wa mchuzi unaofunika chini bila kutengeneza bwawa.

Hatua ya 9: Pakua

Pakua mara moja kwenye sahani zilizopashwa moto, kwa kuwa tambi za mayai huendelea kunywa mchuzi zikiwa zimetulia, na baada ya dakika tano zitakuwa kavu. Nyunyiza pasili iliyokatwa wakati huo huo na pilipili manga. Kuna nyumba Toscana ambako jibini haiwekwi kabisa juu ya porcini mbichi wa msimu, nami nakubaliana nao endapo uyoga wenyewe ni mzuri hasa. Kwa uyoga wa kulimwa, iweke.

Mabaki yasipashwe kwa maji wala kwa maikrowevu, maana tambi hutepeta na uyoga hurudi kuwa mpira. Asubuhi yake yakatekate, yachanganye na mayai matatu yaliyopigwa, na uyamimine kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Kaanga kwa moto mdogo mpaka upande wa chini ukauke na kuwa wa dhahabu, geuza kwa msaada wa sahani, na umalizie upande wa pili. Pembe za tambi zinazojitokeza nje ya yai hukauka na kuwa kama ukoko, na watoto wa nyumbani kwangu huanza na hizo.